Seti tatu za jezi kutoka Kariakoo kwa mechi za kwenye TV: ipi inaonekana na ipi inapotea

Wadau, kama una timu ya mtaa na mashindano yenu yanarushwa laivu, iwe kwenye TV au YouTube, hii inakuhusu. Timu yetu ya ndondo, yaani mpira wa mitaani, imefika hatua ambayo mechi zinaonyeshwa na mimi ndo nilikabidhiwa hela ya jezi, nikaenda Kariakoo nikachukua seti tatu kwenye duka moja, zote tumeshazivaa na video za mechi nimezirudia kwa makini sana, kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho yangu. Nianze na maksi kabisa: duka nyota nne kati ya tano, seti ya njano nyota tano, seti ya bluu bahari nyota tatu, na ile ya maruni nyota mbili, na hizo mbili nimeipa kwa ajili ya kitambaa tu.

Duka lipo ndanindani, si mbali na Mtaa wa Kongo, unapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, halina kibao kikubwa. Jezi zimening'inia mpaka darini, Simba, Yanga, Azam, Arsenal, Madrid, zimebanana huwezi hata kupita na begi. Ukisema unataka jezi za timu maduka mengi pale yanakuuliza swali moja tu, mko wangapi. Huyu mama mwenye duka hayuko hivo. Nimempa shikamoo, kaitika marahaba mwanangu, alafu maswali yakaanza: mechi saa ngapi? Uwanja wa majani au wa vumbi? Wenzenu wanavaa nini? Refa je, mnamjua anavaa rangi gani? Nilivyomwambia mechi inaonyeshwa kwenye TV akaziacha zile jezi zilizokuwa mezani akamwita kijana wake, "We, lete ile njano, na ile bluu, na ile maruni iliyorudi."

Alichofanya baada ya hapo sijakiona duka lingine lolote. Alitundika zile tatu kwenye nondo ya korido, akaongeza jezi nyekundu na ya kijani pembeni, akaniambia nirudi nyuma mpaka kwenye ngazi nipige picha na simu yangu mwenyewe. Nikapiga. "Haya sasa toa rangi." Si unajua kwenye simu ukiingia sehemu ya kuhariri picha unaweza kushusha rangi mpaka picha ikawa nyeusi na nyeupe, basi nikashusha. Njano ikabaki nyeupee, maruni ikawa nyeusi tii, bluu bahari ikakaa katikati, ila ile nyekundu na ile ya kijani zikawa kijivu kimoja, huwezi kujua ipi ni ipi mpaka usogee uone nembo. Mama akasema, "Umeona mwanangu? Kwenye TV mchezaji akiwa mbali anakuwa hivohivo. Chagua weupe na weusi kwanza, rangi utachagua baadaye."

Na yuko sahihi asilimia mia, hili ndo jambo ambalo nataka kila meneja wa timu alijue. Video inapotumwa, iwe kwa dishi au kwa intaneti, mwanga na kiza vinatumwa vizuri lakini rangi inapunguzwa ili mzigo uwe mwepesi, kwenye mfumo unaotumika sana katika kila pikseli nne zenye taarifa yake ya mwanga kuna taarifa moja tu ya rangi ya kugawana, kwa sababu jicho la binadamu linashika mwanga vizuri kuliko linavyoshika rangi. Kwa sura ya mtu iliyojaa skrini huoni tofauti. Lakini mpira unapigwa picha na kamera kuu iliyo juu jukwaani, winga wa upande wa mbali kwenye skrini yako ni kadogo kama punje ya mchele, na bando likisuasua video ikashuka mpaka 360p, yaani ubora wa chini, ndo basi tena, rangi zinaanza kuvujiana, nyekundu ndo inaharibika kuliko zote. Kinachobaki kumtambulisha mchezaji ni kama yeye ni mweupe au mweusi kwenye picha.

Hata wakubwa walishalipata hili. Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico ndo la kwanza kurushwa kwa rangi, ila TV nyingi majumbani bado zilikuwa za nyeusi na nyeupe, na ndo maana ule mpira wa Telstar ukatengenezwa na vipande 12 vyeusi na 20 vyeupe, ili uonekane kwenye skrini. Miaka 8 baadaye Argentina ikatokea kali zaidi. Tarehe 10 Juni 1978, mji wa Mar del Plata, Ufaransa na Hungary. Bluu ya Ufaransa na nyekundu ya Hungary kwenye TV isiyo na rangi zinafanana, kwahiyo FIFA ikatoa maelekezo timu moja ivae nyeupe, ila ujumbe ukachanganywa, timu zote mbili zikafika uwanjani na nyeupe! Mechi ikachelewa, watu wakakimbia kutafuta jezi, Ufaransa ikaazima za klabu ya palepale mjini inaitwa Kimberley, mistari ya kijani na nyeupe, wakacheza nazo wakashinda 3-1. Picha zake zipo, Ufaransa ya kina Platini inacheza na mistari ya kijani. Mimi nikiitazama ile mechi naona kabisa kwamba FIFA walikuwa na wazo zuri, kilichowaangusha ni mawasiliano tu.

Sasa turudi kwenye seti zenyewe.

Njano. Njano ya limau, inayowaka, bukta nyeusi, soksi njano, namba nyeusi nene mgongoni. Tumecheza nayo saa kumi jioni na jua linatuchoma, tumecheza nayo pia kivuli kikiwa kimefunika nusu ya uwanja, ambapo ndo pagumu kwa kamera yoyote, maana mpiga picha akirekebisha kwa ajili ya juani wale wa kivulini wanazama na akirekebisha kwa ajili ya kivulini wa juani wanaungua. Njano haikuzama wala haikuungua. Nyeupe tupu ingeungua, mikunjo ya jezi isingeonekana, mtu angekuwa doa tu linalotembea. Kwenye video namba zinasomeka hata kwa kamera kuu, na mtangazaji alitutaja majina sawasawa kuanzia mwanzo. Kwa mtoto wa miaka 19 anayetafuta kuonwa na kocha wa timu kubwa kutajwa jina lako sahihi laivu sio jambo dogo jamani, video ile inasambaa WhatsApp nchi nzima.

Ila kuna kitu lazima niseme kwa sababu hapa ni Dar. Njano na nyeusi ukiivaa tu watu wanasema Yanga. Beki wetu wa kati ni Simba damu, alivyoona seti akasema yeye havai, afadhali akae benchi, na wenzake wakaanza kumuunga mkono, ikawa kikao. Nikawaonyesha zile picha za kwenye simu, ya rangi na isiyo na rangi, nikawaambia tazameni wenyewe ipi inaonekana. Kapteni ambaye naye ni Mnyama, yaani Simba, akasema kwenye TV mimi nataka mama yangu anione, nipe hiyo njano. Ndo yakaisha. Kama timu yako ina mashabiki wengi wa upande mmoja ongea nao kabla hujalipa, usije ukawa na jezi nzuri wachezaji hawana raha nazo.

Na kwa vile nimewagusa watani hawa wawili acha niseme na lingine ambalo linaniuma muda mrefu. Baba yangu mdogo hatofautishi nyekundu na kijani, amezaliwa hivo. Ni Simba kindakindaki. Siku ya dabi ya Kariakoo, Simba ikiwa nyekundu na Yanga kijani, yeye anakaa mbele ya TV anafuata mchezo kwa kuangalia mchezaji anakimbilia goli lipi, mpira ukigombaniwa katikati ya uwanja anauliza "nani kaupata?" na sisi tunamjibu huku tunataka kuangalia. Huko Ulaya inahesabiwa mwanaume 1 kati ya 12 ana tatizo la aina hii, wanawake ni 1 kati ya 200, kwetu Afrika ni wachache kidogo ila wapo, na dabi inatazamwa na mamilioni kwahiyo hata hao wachache ni watu wengi mno. Kombe la Dunia 2018 lilifunguliwa hivohivo, Urusi nyekundu na Saudi Arabia kijani, watu wenye shida hii wakalalamika dunia nzima. Na dawa yake haigharimu hata senti kwa sababu vilabu vyetu tayari vina rangi zenyewe: Simba ikivaa nyekundu Yanga ivae njano, Yanga ikitaka kijani chake Simba ivae nyeupe. Hakuna atakayepoteza utambulisho wake hapo. Nawaomba wenye mamlaka ya ligi na viongozi wa vilabu, kwenye kile kikao cha kabla ya mechi, jezi zikiwekwa mezani pigeni picha moja mtoe rangi muone.

Haya, bluu bahari. Hii kitambaa chake ndo kizuri kuliko zote tatu, chepesi, kina vitundu vidogo kwapani, kikilowa jasho hakigandi mgongoni. Na bluu bahari uwanja wa majani inakaa vizuri, inajitenga na kijani. Tatizo ni namba. Niliomba nyeupe zenye ukingo wa bluu iliyokolea, zikaja za silva, kijana wa kubandika akasema silva inang'aa zaidi kwenye taa. Dukani kweli inang'aa. Uwanjani chini ya taa silva juu ya bluu bahari inarudisha mwanga, namba inageuka kioo, kamera haishiki kitu. Mtangazaji alikuwa anasema "mchezaji wa bluu", "yule wa bluu tena", na bao letu akampa mtu ambaye hakufunga. Tulirudi dukani na video, mama akaangalia mwenyewe, akapoza kwa kukubali kutubadilishia namba kwa nusu bei, mimi nadhani ilipaswa iwe bure kwa sababu sio tulichoagiza, na hapo ndo nyota moja ya duka ilipodondokea.

Silva sio mbaya yenyewe kama yenyewe lakini, inategemea imekaa juu ya nini. Argentina 1986 kabla ya robo fainali na Uingereza waliona jezi zao za bluu ni nzito kwa joto la Mexico, wakanunua nyepesi kwenye duka la palepale Mexico City, wakashona nembo, na namba walizopata zilikuwa za silva, zile za mpira wa Kimarekani, wakazibandika kwa pasi. Tarehe 22 Juni Maradona kapiga yale mabao mawili yanayozungumzwa mpaka leo akiwa na namba 10 ya silva mgongoni, na inaonekana vizuri kabisa kwenye video, kwa sababu ile bluu ilikuwa imekolea. Ingekuwa ile yao ya kawaida yenye bluu hafifu na nyeupe ingepotea kama zetu. Saizi nayo muangalie, UEFA wanataka namba ya mgongoni iwe na kimo cha sentimita 25 mpaka 35, sisi tulipopima zile za bluu hazikufika hata 22. Nendeni na rula, hakuna atakayewacheka.

Maruni. Kiukweli hii niliipenda sana nikiwa dukani, imetulia, ina kola, namba za dhahabu, ukimvalisha mchezaji anaonekana mtu wa maana. Kwenye uwanja wa majani na mpinzani mweupe haina shida yoyote. Ila viwanja vingi vya ndondo sio majani, ni udongo mwekundu na vumbi, na hapa ndo ushauri wote wa Ulaya wa kuogopa jezi ya kijani kwa sababu ya nyasi unageuka, sisi adui yetu ni kahawia, maruni na chungwa. Kipindi cha pili vumbi likinyanyuka na jua limeinama, timu yetu ilikuwa inatoweka kwenye picha, unaona bukta nyeupe zinakimbia zenyewe. Na sio watazamaji tu, kiungo wetu alisema alikuwa anainua kichwa kutafuta mtu wa kumpa pasi anaona wapinzani kwanza kabla ya wenzake.

Wanaodhani hiki ni kisingizio wakumbuke Manchester United, tarehe 13 Aprili 1996, uwanja wa The Dell kule Southampton. Walikuwa na jezi za kijivu, mapumziko wameshapigwa 3-0, kocha wao Ferguson akawabadilisha jezi wakarudi na bluu na nyeupe, mechi ikaisha 3-1. Alisema wachezaji hawaonani, kijivu kinamezwa na watu wa jukwaani. Ile jezi ya kijivu walicheza nayo mechi 5 na hawakushinda hata moja, na klabu ikaachana nayo. Mimi namwamini Ferguson kwenye hili. Mchezaji hana muda wa kumkagua mtu, anaona rangi kwa pembeni ya jicho na anaachia mpira, kama rangi inafanana na kilicho nyuma yake ile nusu sekunde imeshapotea.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau ni bukta na soksi. Kamera ikiwa juu na mbali mwili wote unahesabika, jezi nyeupe na bukta nyeusi dhidi ya jezi nyeusi na bukta nyeupe kwa mbali ni mchanganyiko mtupu. Ndo maana FIFA wakaanza kutaka timu moja iwe ya rangi nyepesi na nyingine ya rangi iliyokolea kwa picha nzima. Kombe la Dunia 2014, Hispania ilikuwa na nyekundu na nyeusi, zote zimekolea, ikabidi watengenezewe nyeupe, na mechi yao ya kwanza dhidi ya Uholanzi pale Salvador wakavaa nyeupe juu mpaka chini, Uholanzi wakavaa bluu. Rangi ya chungwa haikuwepo, nyekundu haikuwepo, mashabiki wa zamani hawakufurahi. Ila ile mechi, Uholanzi walishinda 5-1, itazame hata kwenye simu ndogo, bao la kichwa la Van Persie wa Uholanzi linaonekana, kila mtu anajulikana ni wa wapi. Kwa watu wenye TV za chogo majumbani kwao, na bado wapo, hiyo ni heshima kubwa.

Yule mama alituuzia soksi za rangi ya jezi kwa seti zote bila kutuongezea bei, na akatukumbusha mambo ya kanuni namba 4 ya soka, ile ya mavazi ya wachezaji, ambayo marefa wa ndondo wakijua mechi inaonyeshwa wanayakazia: kipa atofautiane na wote ikiwemo refa, fulana ya ndani kama ina mikono iwe rangi ya mkono wa jezi, na taiti ifanane na bukta. Beki wetu wa kulia alitolewa nje kwa muda kwa sababu ya taiti nyeupe ndani ya bukta nyeusi, video yote inaonyesha anavua pembeni ya mstari. Kwa kipa alitupa zambarau, na hapo nampa heko, kwa sababu zambarau hakuna timu ya mtaani inayoivaa na marefa wengi wanakuja na nyeusi au njano. Siku refa akija na njano na nyie mmevaa njano lazima mtofautiane, na marefa wengi wanakuja na seti moja tu, kwahiyo piga simu kabla.

Bei. Jezi na bukta sh 18,000 kwa mtu mmoja, soksi zikiwemo ukichukua seti nzima, kuprinti jina sh 2,000 zaidi. Kuna maduka ya chini ya hapo ila kitambaa kinachuja, na jezi ikichuja kwa TV ndo imekufa, njano inakuwa kama maziwa yaliyoharibika na namba nyeusi inakuwa kijivu. Yetu ya njano imefuliwa na sabuni ya unga na kuanikwa juani mara nyingi tu na bado inawaka. Mishono ya begani imara, kola ya maruni ndo imeanza kufumuka upande mmoja.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana pale ngazini hapapitiki. Beba picha ya jezi ya wapinzani wako na picha ya uwanja mtakaochezea, mama ataziomba. Usikubali namba zibandikwe hujaona moja ya mfano, simama palepale kwenye mashine. Jezi zetu za bluu zipo kwake sasa zinawekwa namba nyeupe za sentimita 28, zikirudi kabla ya mechi ijayo nitawawekea picha mbili, yenye rangi na isiyo na rangi.